Breki ya ndala haitoshi mlimani

Shule zikifungwa Desemba, si ajabu kuona baiskeli ya mtoto imefungwa kwa kamba juu ya keria ya basi linalopanda kutoka Muheza kwenda Amani. Mwenyewe yuko ndani, amekaa dirishani, anakwenda kwa babu na bibi. Mama yake amebaki Tanga bila wasiwasi: mtoto amekula, nauli imelipwa, na huko milimani hakuna bajaji na magari ya kumpigia honi kama mitaa ya Ngamiani.

Hilo la magari ni kweli. Lakini mtoto aliyejifunzia baiskeli Tanga amejifunzia kwenye sahani. Mji ule ni tambarare, ndiyo maana baiskeli zimejaa. Mtoto akichoka anaacha kukanyaga pedeli, na baiskeli inasimama yenyewe. Breki ikikatika, wiki mbili zinapita kabla mtu hajaona haja ya kwenda kwa fundi. Wengi hutumia ndala: mguu unashushwa, soli inabanwa kwenye tairi, mwendo unapungua, safari inaendelea. Kwenye barabara ya kwenda Raskazone ndala inatosha kabisa.

Bulwa ni habari nyingine. Wapo wanaosikia Usambara wakadhani ni Lushoto tu. Bulwa iko Usambara ya Mashariki, wilaya ya Muheza, ng'ambo ya bonde la Lwengera ukitokea Lushoto. Ni nchi ya chai na msitu. Vilima vimevalishwa chai kama zulia, na zulia linapokwisha msitu unaanza, mrefu na mweusi, wenye ukungu asubuhi. Uwanda wa juu wa Amani na Bulwa uko takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari. Sigi, kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iko chini ya mita 500, na Muheza mjini ni kama mita 200. Kutoka Amani hadi Sigi ni kilomita zisizozidi kumi. Maana yake, ndani ya mwendo ambao Tanga mtoto angekwenda na kurudi bila kutoka jasho, huku anashuka zaidi ya mita 400, kwenye udongo mwekundu, kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde.

Wajerumani walipotaka kushusha mbao za milima hii mwanzoni mwa karne ya 20, walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni. Reli ile iliishia Sigi, miguuni mwa mlima. Jengo la stesheni lipo hadi leo na wageni wa hifadhi hupokelewa hapo. Treni ilikomea hapo. Siku hizi mtoto wa miaka kumi na miwili anatoka juu kabisa na baiskeli yenye breki moja.

Chukua nyumba moja ya Bulwa, ambayo majina ya wenyewe hayana haja. Mjukuu wa kiume amefika kutoka Tanga na baiskeli yake ya gia, rangi ya bluu, iliyonunuliwa mtumba. Nyumbani pale yupo pia mtoto wa mjomba wake, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliyezaliwa hukohuko kwenye chai. Siku ya pili tu kijana akatoka na wenzake wa jirani kushindana kwenye mteremko unaopita katikati ya shamba. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Waya wa breki ya nyuma ukakatika kwenye kona ya kwanza. Akashusha ndala. Tairi lilikuwa na tope, ndala nayo ina tope, ikateleza kama sabuni. Baiskeli ikaacha njia na kuingia kwenye chai.

Chai ilimpokea. Alitoka na mikwaruzo ya mikono, goti limechubuka, ndala moja haikuonekana tena. Kichaka cha chai kwa juu ni laini, lakini chini kina mashina magumu kama vigingi, na mita chache mbele ya pale palikuwa na mfereji wa mawe. Hospitali Teule iko Muheza mjini, zaidi ya kilomita 30 za barabara ile ile ya kona na tope.

Jioni mama akapiga simu.

“Shikamoo baba. Nasikia mtoto ameanguka.”

“Marahaba mwanangu. Ameanguka, ameinuka. Yuko hapa anakula.”

“Baba, naomba hiyo baiskeli uifungie stoo. Ataikuta Januari siku ya kurudi.”

“Nikiifungia hiyo, atapanda ya mwenzake. Na ya mwenzake haina breki hata moja.”

Hapa wazazi wengi wangekuwa upande wa mama, na si vigumu kuona kwa nini. Lakini mzee alikuwa na hoja. Mtoto wa umri ule katika kijiji chenye mteremko na wenzake kumi hawezi kukaa mwezi mzima akiangalia. Kumnyima baiskeli inayofahamika ni kumsukumia kwenye isiyofahamika. Mzee akaweka sharti: baiskeli itakaa ndani mpaka fundi aiguse, na kijana hatateremka popote mpaka aitembee njia hiyo kwa miguu, yeye na binamu yake, baiskeli ikiwa mkononi. Bibi, ambaye humwita mjukuu yule “mume wangu” kwa utani, akaongeza sharti lake: ndala marufuku, avae viatu vya shule.

Fundi akaikuta baiskeli katika hali ambayo baiskeli nyingi za mtumba zinakuwa nayo. Gia zote zinaingia vizuri. Rangi safi. Raba za breki zimeisha mpaka chuma kinagusa ringi. Wazazi, tena wenye upendo kabisa, hununua baiskeli kwa kuangalia gia, ukubwa wa tairi na rangi ambayo mtoto ameililia. Gia ni za kupandia. Mtoto akishindwa kupanda, atashuka na kusukuma, hakuna aliyewahi kuvunjika shingo kwa kushindwa kupanda mlima. Akishindwa kusimama wakati wa kuteremka ndipo panapokuwa na msiba. Na raba nne za breki pamoja na waya zake mbili hazifikii bei ya tairi moja jipya.

Kuzikagua hakuhitaji ufundi. Mzazi abane mkono wa breki ya mbele, aisukume baiskeli kwenda mbele: gurudumu la mbele lisizunguke. Abane ya nyuma, aisukume tena: gurudumu la nyuma likwame na kuburuzika. Mkono wa breki ukigusa usukani kabla gurudumu halijakwama, waya umelegea. Kisha aangalie raba zenyewe. Mpya huwa na mifereji, na mifereji ikifutika, zimekwisha. Waya ukionesha nyuzi zilizoanza kukatika pale unapoingia kwenye mkono wa breki, ubadilishwe siku hiyo hiyo, kwa sababu hapo ndipo hukatikia, na hukatika wakati umebanwa kwa nguvu, yaani wakati unapohitajika hasa. Mwisho, mtoto mwenyewe akae kwenye kiti na vidole vyake vifike kwenye mkono wa breki bila kunyoosha kiganja. Baiskeli ya mtu mzima iliyoteremshwa kiti inaweza kumfaa mtoto miguu na isimfae vidole.

Jambo jingine halisemwi na wauzaji. Baiskeli za mtumba zinatoka nchi mbalimbali, na breki ya mbele haikai mkono mmoja kwa wote. Zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani au Uingereza, ambako magari hupita kushoto kama kwetu, kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia. Za Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya iko kushoto. Mtoto anayebadilishana baiskeli na mwenzake katikati ya mteremko anaweza kubana ya mbele kwa nguvu akidhani ni ya nyuma, akapitiliza juu ya usukani. Dakika moja ya kumuuliza “ya mbele ni mkono upi?” kabla hajaondoka ni dakika nzuri.

Mchezo huu wa kushuka milima kwa baiskeli una historia inayoanza na breki hizohizo. Oktoba 1976, vijana wa Marin huko California, Marekani, walianza kushindana kushuka njia moja ya vumbi yenye mteremko wa karibu mita 400 ndani ya kilomita zaidi kidogo ya tatu. Baiskeli zao zilikuwa nzee, za tairi nene, zenye breki ya kukanyaga nyuma ndani ya habu ya gurudumu. Wakifika chini, habu ilikuwa imepata moto mpaka grisi yote imeungua na kutoka moshi, ikabidi ifunguliwe na kujazwa upya. Njia ile ikapewa jina la Repack, yaani kujaza upya. Baadhi ya vijana wale, Gary Fisher na Joe Breeze wakiwemo, ndio waliokuja kutengeneza na kuuza baiskeli za milimani ambazo leo mitumba yake inashushwa Tanga. Wale walikuwa watu wazima wanaojua kufungua habu. Mteremko wa Amani hadi Sigi unashuka zaidi kidogo ya ule wao, ingawa umetandazwa katika urefu mkubwa zaidi.

Hesabu ya mwendo nayo mtoto wa darasa la sita anaielewa akielezwa. Akiwa kwenye kasi ya kilomita 15 kwa saa, kila sekunde anapita mita nne na ushee. Kwenye kilomita 30, ambazo mteremko humpa bure bila kukanyaga, ni mita nane na zaidi. Sekunde moja ya kushtuka anapomwona ng'ombe au trekta la chai, tayari amekwenda urefu wa vyumba viwili kabla hajabana chochote. Na akishabana, kasi ikiwa mara mbili, umbali wa kusimama unakuwa mara nne.

Kwa hiyo breki hubanwa kabla ya kona, wakati baiskeli ingali imenyooka. Akisubiri mpaka yuko ndani ya kona, tairi linateleza. Hubana zote mbili kwa pamoja, polepole, kwa vidole, bila kushtukiza. Makalio yanarudi nyuma ya kiti kidogo, pedeli mbili zinakaa sawa, moja mbele moja nyuma, ili ya chini isigonge jiwe. Baada ya mvua, ringi huwa na maji na breki haikamati mara moja. Aibane kidogo kabla hajaihitaji ili raba zipanguse maji. Na mteremko ukiwa mrefu, asimame njiani aguse ringi kwa kidole. Ikiwa ya moto, apumzike. Watoto hupenda hili la kugusa ringi, maana lina ushahidi.

Milima ya Usambara ya Mashariki hupata mvua karibu kila mwezi, lakini masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba ndizo za kuogopwa. Udongo mwekundu ukilowa hauna tofauti na ugali uliomwagiwa mafuta. Likizo ya Desemba inaangukia hapo hapo mwishoni mwa vuli. Kuna siku jibu la pekee ni hapana, na mtoto aone kuwa babu naye siku hiyo hatoki na baiskeli yake.

Kwa Lushoto hali ni tofauti kidogo, na pengine ni mbaya zaidi. Kule barabara kuu ya kushuka Mombo kupitia Soni ni ya lami, kilomita zipatazo 33, na inashuka karibu mita 1,000. Lami haina utelezi wa tope, lakini inatoa kasi ambayo udongo hautoi, tena pamoja na mabasi na malori ya mboga. Mtoto hana kazi kwenye barabara ile na baiskeli. Njia za vijijini zinamtosha.

Sasa lipo jambo ambalo wazazi hawapendi kuambiwa. Mchezo unalaumiwa sana, lakini baiskeli ileile, siku inayofuata, inafungwa gunia la ndizi au dumu mbili za maji kwenye keria, na mtoto yuleyule anatumwa. “Wahi, gari la gulio linaondoka.” Hapo hakuna anayekagua breki. Kilo 30 nyuma ya mtoto wa kilo 35 ni karibu mtoto wa pili, asiyejua kukaa vizuri. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unayumba, na breki zilizokuwa zikitosha kwa mtoto mtupu hazitoshi tena. Watu wazima wa milimani wanalijua hili. Ndiyo maana utawaona wakiteremka kwa miguu pembeni ya baiskeli yenye mzigo, mkono kwenye breki. Mtoto anayetumwa apewe mzigo wa kiasi chake na aambiwe waziwazi kwamba kuteremka ni kwa miguu, na kwamba akichelewa hatagombezwa. Sehemu ya mwisho ndiyo ngumu kwa wazazi. Mtoto anayeogopa kugombezwa kwa kuchelewa atapanda tu.

Turudi kwa wale binamu wawili. Siku ya kuitembea njia, aliyefundisha alikuwa msichana. Alijua kona ambayo trekta la kubeba majani ya chai hutokea bila kusikika kwa sababu ya ukingo. Alijua pale maji yanapokata barabara kila mvua ikinyesha, na daraja la magogo ambalo nafasi kati ya gogo na gogo inameza tairi. Alijua mahali ambapo ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi. Yote hayo aliyajua kwa miguu, kwa kwenda shule na kubeba kuni. Baiskeli hakuwahi kupewa. Kijana wa mjini, mwenye baiskeli, hakujua hata moja. Mwisho wa wiki walikuwa wanapokezana, na msichana akawa anafunga breki mapema kuliko binamu yake na kufika chini muda uleule. Babu aliliona hilo. Bibi pia, na yeye ndiye aliyemuuliza mwanawe, baba wa msichana, kwa nini ile baiskeli nyingine iliyoegeshwa nyuma ya nyumba bila mnyororo haijatengenezwa mwaka wa pili huu.

Kuhusu kofia, ni heri kusema ukweli wa madukani. Helmeti zinazopatikana kwa urahisi ni za bodaboda, nzito na za kichwa cha mtu mzima. Ikimvaa mtoto inazunguka na kumfunika macho kwenye kona, na hiyo ni hatari mpya. Kofia ya baiskeli ni nyepesi, ina matundu ya hewa na mkanda wa kukaza nyuma ya kichwa. Kwenye mitumba ya Tanga hupatikana, mtu akitafuta. Ipimwe hivi: mkanda wa kidevuni ukiwa haujafungwa, mtoto atikise kichwa, kofia isidondoke.

Njia zilizo ndani ya msitu wa hifadhi zina utaratibu wake. Zile za matembezi zimetengenezwa kwa ajili ya miguu, zina mizizi na ngazi za udongo, na mgeni huzipita kwa kibali na kiingilio. Barabara ya kijiji inayokatiza msituni ni ya wote. Familia inayotaka kwenda na watoto kwa baiskeli ndani ya hifadhi iulize kwanza ofisi za hifadhi pale Sigi au Amani, na ikubali ushauri wa kwenda na mwongozaji. Wengi wao ni vijana wa vijiji hivi hivi na baadhi waliijua baiskeli kabla ya kuvaa sare.

Kisha kuna kurudi, ambako watoto hukusahau kabisa wakati wa kwenda. Kila mita iliyoshukwa inapandwa. Aliyeshuka hadi Sigi kwa nusu saa atasukuma baiskeli kupanda kwa saa mbili au tatu, akiwa na njaa. Msituni giza huingia mapema kuliko uwanjani, na mwanga wa taa ya simu hauoneshi shimo mpaka tairi limeshaingia. Basi wanaoshuka waondoke asubuhi ukungu ukishapanda, wabebe maji na mihogo ya kuchemsha, na saa saba mchana wawe wamegeuza. Nyumba nyingine hupanga tofauti: watoto wanashuka pamoja na mtu mzima, kisha baiskeli zinapandishwa kwenye basi la kutoka Muheza. Mpango huo ukichaguliwa, kondakta aulizwe asubuhi gari likiwa linashuka, kwa sababu jioni keria ya juu huwa imejaa.